Glasi Zilizowamwagia Wakwe

Mara ya kwanza Cucu aliponikaribisha kinywaji, niliondoka kwake nikiwa nimelowa hadi soksi. Mwalimu mkuu alikuwa amenituma Sotik na katoni ya vyombo vya maabara vilivyopasuka. Mimi ndiye niliyekuwa mtunzaji wa maabara katika shule moja ya sekondari upande wa Mogogosiek, na huyo mama ndiye mtu pekee tuliyemjua ambaye angeweza kuunga mrija wa kioo uliovunjika ukakaa kama haujawahi kuguswa. Sokoni kila mtu alimwita Cucu, yaani bibi kwa Kikuyu, ingawa alitembea haraka kuliko mimi na meno yake yote yalikuwepo. Alikuwa amepuliza vioo vya maabara miaka mingi kabla ya kustaafu, kisha akaja kukaa karibu na wanawe waliokuwa na maduka mjini.

Alinipa glasi nzuri yenye nguzo nene ya kioo katikati, akaniambia niishike kwa mikono miwili. Akaanza kumimina juisi ya pasheni kutoka kwenye jagi. Alimimina polepole, akiniangalia usoni. Juisi ilipokaribia ukingo, glasi ikaanza kujimwaga yenyewe kupitia chini. Haikumwagika kidogo, ilijimwaga yote, hadi tone la mwisho, juu ya sketi yangu ya kazi.

Nilipiga nduru. Nilidhani nimeivunja. Niliigeuza huku na huku nikitafuta ufa, sikuuona.

"Ungesema imetosha ingali nusu," Cucu akasema, "ungekunywa vizuri tu."

"Lakini ni wewe ulikuwa unajaza!"

"Na ni wewe ulikuwa umenyamaza."

Kisha akacheka mpaka akashika meza. Alinionyesha siri: ndani ya ile nguzo kulikuwa na mrija mwembamba uliopinda kama kishikio cha mwavuli. Kinywaji kikipita kilele cha mrija, kinaanza kuteremka, na kikishaanza hakisimami mpaka glasi iwe tupu. Mimi nilikuwa nimefundisha watoto wa watu jambo hilo hilo kwa ndoo na mpira wa maji, miaka yote hiyo, na sikulitambua liliponimwagikia mapajani. Nilirudi Mogogosiek nikinuka pasheni. Jumamosi iliyofuata nilikuwa mlangoni kwake tena, na sikuwa nimebeba chochote cha kuungwa.

"Nataka unifundishe," nikamwambia.

"Kuunga?"

"Hapana. Hiyo ya kumwagia watu."

Karakana yake ilikuwa nyumba ya mawe iliyowahi kuwa mahali pa kukusanyia maziwa. Kwenye meza palikuwa na kichomeo kilicholishwa na mitungi miwili, wa gesi na wa oksijeni, na moto wake ulivuma kama upepo unaopita chini ya mlango. Tulivaa miwani ya zambarau ili tukione kioo ndani ya mwanga ule. Mrija wa kioo unauzungusha motoni bila kuacha, mkono wa kushoto na wa kulia ikienda pamoja, mpaka ulainike kama ugali usioiva, halafu unapuliza kidogo kwa mpira mwembamba ulio mdomoni. Ukizubaa unaning'inia upande mmoja. Ukipuliza kwa hasira unafura na kupasuka, ngozi ya kioo nyepesi kama ya kitunguu ikapeperuka hewani na kushuka juu ya nywele zako.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya kushtuka tu. Kioo cha moto na kioo baridi vinafanana kabisa; vidole vyangu vilijifunza hilo kabla ya akili yangu. Siku moja nilimaliza glasi yangu ya kwanza iliyosimama wima, nikaiweka rafuni, tukakaa kula githeri. Hakuna aliyeigusa. Hakuna aliyepita karibu nayo. Ghafla ikalia kama risasi na vipande vikatapakaa sakafuni. Sahani ilinitoka mkononi.

"Hukuipeleka kwenye tanuri," Cucu akasema, akiendelea kutafuna. "Kioo kikipoa haraka kinabaki na hasira ndani. Kinaweza kukaa saa moja, kinaweza kukaa wiki, halafu kinajivunja chenyewe."

Tangu siku hiyo sikuwahi kusahau tanuri lile dogo la umeme ambamo kioo kinalala na kupoa kidogo kidogo.

Wakati mwingine nilikuja na mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ambaye alikuwa amemaliza chuo na alikuwa nyumbani akingoja kazi. Alikuwa ananisaidia kubeba katoni za shule. Mjukuu wa Cucu, aliyekuwa na duka la mbegu na mbolea mjini, ndiye aliyekuwa akileta mitungi ya gesi. Mitungi ikaanza kuletwa kila Jumamosi, hata ile ya zamani ikiwa haijaisha. Mimi nilikuwa nimevaa miwani ya zambarau, sikuona kitu. Nilikuja kuambiwa na mdogo wangu mwenyewe, kwamba kijana yule anataka kuleta wazee wake nyumbani kumposa.

Baba alisikiliza habari hiyo bila kuinua macho. Akasema, "Wangoje kwanza."

Wakangoja. Wakatuma ujumbe tena baada ya mavuno ya mahindi. Baba akasema ng'ombe anakaribia kuzaa. Ng'ombe akazaa. Wakatuma tena, na Baba akasema ana kifua. Mdogo wangu akaacha kukaa mezani na sisi. Shangazi yetu, dada mkubwa wa Baba, tunayemwita Senge, hakuwa mtu wa kuficha neno. Alikuja siku moja, akakaa katikati ya sebule na kusema waziwazi tulichokuwa tukikinong'ona sisi wengine: "Kakangu hataki watu wa Kati, hawa Wakikuyu. Na asipotaka, hataki. Mtafute kijana wa hapa."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Hakukanusha. Aligeuka akaenda kwenye zizi la ng'ombe.

Na sisi tulimwamini Senge, kwa sababu hatukuwa na maelezo mengine. Ndiyo aibu yangu hadi leo. Baba alikuwa karani wa kupima chai katika kituo cha kununulia majani kwa miaka mingi. Watu walimsifu kwamba mkono wake ulikuwa ukituliza mizani kwa kuigusa mara moja. Mkono huo ulikuwa umeanza kutetemeka miaka miwili iliyopita, na daktari alikuwa amempa dawa na jina la ugonjwa. Tulijua hayo. Tulidhani kujua kunatosha. Tulimwona akienda na kikombe chake zizini kila saa ya chai, tukasema anampenda yule ng'ombe kupita kiasi. Alikuwa ameacha kwenda harusi, ameacha kwenda mikutano ya chama cha wakulima, na kanisani aliondoka kabla ya chai ya wageni. Tukasema ni uzee.

Wakati huo mimi nilikuwa nimefika kwenye glasi ya aina ya pili. Hii haikuwa na nguzo ya kioo wala mrija. Ilikuwa glasi ya kawaida ya kunywea, isipokuwa karibu na ukingo ilizungukwa na pambo la majani mawili na kichipukizi, kama yale tunayochuma. Kati ya majani hayo nilikuwa nimetoboa matundu madogo sana. Unapasha moto mahali padogo, unavuta ncha kwa fimbo ya kioo, unaikata ncha, unalainisha tundu kwa moto. Glasi ikisimama, hakuna kinachotoka. Ukiinamisha kunywa, kinywaji kinapita kwenye matundu na kukushukia kidevuni. Ile ya kwanza iliyofaulu niliifunga kwa gazeti, nikaenda nayo nyumbani Jumapili nikitaka kumchekesha mdogo wangu, ambaye hakuwa amecheka kwa muda mrefu. Niliiweka kwenye kabati la vyombo, nikaenda shambani kumsaidia Mama kung'oa viazi.

Niliporudi, Baba alikuwa ameketi peke yake sebuleni. Nyumba ilikuwa kimya, Mama alikuwa bado shambani na wengine kanisani. Alikuwa ameshika glasi yangu kwa mikono miwili. Maziwa yalikuwa kwenye kidevu chake, kwenye shati lake jeupe la Jumapili, kwenye mapaja. Hakujifuta.

"Nilijaza nusu tu," akaniambia. Sauti yake sikuitambua. "Sasa hata nusu siwezi."

Nikasema, "Baba, si mkono. Ni hiyo glasi."

"Usinidanganye kama mtoto."

"Baba, ni glasi. Nimeitengeneza hivyo mimi mwenyewe."

Hakuniamini. Niliichukua mkononi mwake, nikajaza maziwa, nikanywa mbele yake. Yalinimwagikia shingoni yakaingia ndani ya blauzi. Nikanywa tena. Yakamwagika tena. Kisha akainyakua glasi, akaenda nayo dirishani na kuiinua kwenye mwanga. Akaanza kutafuta matundu kwa ukucha, moja baada ya jingine, ukucha ukitetemeka na kugonga kioo.

"Nani amekufundisha mambo kama haya?"

"Cucu wa Sotik."

"Yule bibi yake huyo kijana?"

"Ndiye."

Akarudi kwenye kiti. Akasema, akiitazama glasi badala yangu: "Nitakaaje mbele ya wakwe nikijimwagia chai? Mzee wa nyumba, anajimwagia kama mtoto anayefundishwa kikombe. Watasema wanaoa kwa watu wagonjwa. Nimengoja huu mkono utulie. Kila mwezi nasema, mwezi ujao utatulia."

Nilibaki nimesimama na blauzi iliyolowa. Miezi yote hiyo. Mdogo wangu akilia chumbani, Senge akihubiri habari za kabila sebuleni, Baba akinywa chai na ng'ombe. Na hakukuwa na chuki yoyote. Kulikuwa na kikombe tu.

"Ungetuambia, Baba," nikasema.

"Ningeanzaje?"

Halafu nikaona mabega yake yanatikisika, nikaogopa, kwa sababu sikuwahi kumwona Baba akilia. Lakini alipoinua uso alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa.

"Hii kitu," akasema, "unaweza kutengeneza kumi na mbili?"

"Kumi na mbili za nini?"

"Hesabu viti. Kila mtu atakayeketi kwa meza. Na mimi mwenyewe, usinipatie nzuri. Halafu waambie waje. Na huyo Cucu wako, asijue."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Kesho yake alituma ujumbe kwa wakwe na kutaja siku.

Mama alipoambiwa alikaa chini kwenye ngazi ya jikoni. Nilidhani atakataa kwa sababu ya heshima ya wageni, lakini kilichomuudhi kilikuwa kitu kingine. Nilikuwa nimesema kwamba sitakubali mtu aunguzwe, kwa hiyo chai itapoa kabla ya kumiminwa.

"Chai vuguvugu?" Mama akauliza. "Katika nyumba yangu? Kwa wakwe? Watu watoke Sotik waje kunywa chai vuguvugu katikati ya mashamba ya chai?"

Hilo lilimchukua siku tatu kulikubali.

Cucu nilimdanganya. Nilimwambia kuna mwalimu wa chuo kikuu huko Kabianga aliyeagiza glasi kumi na mbili za kuwachezea wenzake. Hakuuliza sana. Alisimama nyuma yangu Jumamosi baada ya Jumamosi akinisahihisha. "Hilo tundu liko juu sana, litalowesha masharubu tu. Shusha." Nikashusha. "Hapo jani limeficha vizuri." Nilikuwa namsikiliza huyo mama akinifundisha kwa uangalifu jinsi ya kumwagia chai ndugu zake mwenyewe. Tatu zilipasuka. Nikatengeneza nyingine.

Siku yenyewe walifika asubuhi, wamevaa vizuri: wazazi wa kijana, wajomba, Cucu akiwa amejifunga kitambaa cha kichwa cha bluu, na kaka yake mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wao, mzee mrefu mwenye suti ya kijivu na tai. Kwetu walikuwa Baba, Mama, Senge na baba wadogo wawili. Mdogo wangu alikuwa jikoni, kama desturi inavyotaka, mpaka aitwe. Sala ikasemwa. Mimi ndiye niliyebeba trei. Glasi zilikuwa zinagongana zikilia kama kengele. Nilipofika mbele ya Cucu aliitazama glasi kwenye trei. Akanitazama mimi. Akaichukua.

Wakanywa.

Sitasahau kimya kile. Nilikuwa nimetarajia makelele, labda mtu aruke, labda mtu acheke. Hakuna aliyeruka. Chai ilishuka kwenye tai ya msemaji, na yeye akashusha glasi taratibu na kuutazama mkono wake. Akautazama kama Baba alivyoutazama wake. Kisha akatoa leso mfukoni na kujifuta kwa siri, akiangalia kama kuna aliyemwona. Mama wa kijana alivuta leso yake ya kichwa kufunika kifua. Mjomba mmoja alijifanya anakohoa. Kila mmoja alikuwa anaamini kwamba ni yeye peke yake aliyejimwagia, na kila mmoja alikuwa anaona aibu peke yake. Wakanywa tena, kwa uangalifu zaidi. Wakalowa tena. Bado hakuna aliyesema kitu. Mimi nilisimama na trei tupu. Sikuwa nimejua kwamba glasi niliyoitengeneza kwa mchezo inaweza kuwafanya watu wazima wawe hivyo.

Baba akainua yake. Mikono yote miwili ilitetemeka, na chai ilitoka kwa juu na kwa matundu pia, ikamlowesha kuliko wote. Akaiweka chini. Akasimama.

"Wageni wangu," akasema, "nyinyi nyote mmejimwagia. Mimi pia. Tofauti ni kwamba nyinyi ni glasi, mimi ni mkono." Akaunyoosha mkono wake wa kulia mbele yao, akauacha utetemeke wauone. "Huu ni ugonjwa. Hautatulia. Niliona aibu kunywa mbele yenu, nikawafanya mngoje. Leo nilitaka tulowe pamoja."

Senge ndiye aliyesimama kwanza. Chai ilikuwa imechora mstari kwenye gauni lake. "Umetuaibisha," akamwambia Baba kwa Kipsigis, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wageni wasikie. "Umewafanya wageni watoto!" Akatoka nje, na mlango ukagonga ukuta.

Hakuna aliyemfuata. Sote tulikuwa tunamtazama msemaji. Alikuwa ameinua glasi yake kwenye mwanga na anatafuta matundu.

"Ngoja nielewe," akasema polepole. "Miezi hiyo yote, hukuwa unatukataa sisi?"

"Nilikuwa nakataa chai tu," Baba akajibu.

Kelele ilitoka jikoni, sufuria imeanguka. Mdogo wangu akaingia sebuleni bila kuitwa, mikono imejaa unga, akapita mbele ya wakwe wote na kumkumbatia Baba, shati na chai na vyote. Hilo halifanywi. Mama aliweka mkono mdomoni. Baba alisimama ameshikwa hivyo, mikono yake ikitetemeka mgongoni mwa mtoto wake, na hakuna aliyewaambia waachane.

Msemaji alinigeukia mimi. Nilijua sasa nitakaripiwa. Akanyoosha glasi. "Niongezee," akasema. "Lakini iwe moto. Hii ilikuwa baridi."

Mama akalia kwa aibu na kucheka wakati mmoja.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba Cucu peke yake alikuwa mkavu. Kitambaa kikavu, gauni kavu, na glasi yake ilikuwa tupu. Alikuwa ameishika kwa vidole vilivyotandazwa juu ya majani, kila tundu limezibwa na kidole, akavuta chai taratibu kwa mahali pasipo tundu. Alikuwa amejua tangu trei ilipofika mbele yake, na alikuwa amewaacha ndugu zake walowe.

"Mwalimu wa Kabianga hajambo?" akaniuliza.

Nilitamani sakafu inimeze.

Mazungumzo yaliendelea mpaka jioni na yakaisha vizuri. Harusi ilifanyika baada ya msimu wa mvua. Baba alihudhuria mpaka mwisho, na kwenye meza ya wazee alikunywa soda kwa mrija akiwa wazi mbele ya watu wote. Mkono haukutulia. Siku nyingine dawa inausaidia, siku nyingine hausikii kitu. Lakini anakunywa nasi sebuleni, na anapomwaga, anayekaa karibu anapitisha kitambaa na maneno yanaendelea. Msemaji aliomba glasi moja akaondoka nayo, na nasikia huko kwao hakuna mgeni anayesalimika.

Mimi bado huwa nashtuka nikikumbuka, hata nikiwa mbele ya kichomeo na kioo kimelainika mikononi. Naishi na watu, nakula nao, nadhani nimewaona.

Senge alikaa nje kwenye nyasi siku ile mpaka chakula kilipoiva. Alirudi ndani, akala. Lakini hakumsamehe Baba, wala mimi. Akija kwetu siku hizi anafungua mkoba wake, anatoa kikombe chake cha bati cha rangi ya kijani, anakitazama chini na pembeni mbele ya macho yetu, ndipo anakinyoosha kwa Mama amiminiwe.